Namba tasa kubwa: ipi kwa kazi ipi? Tazama jirani zake kwanza

Anayetafuta namba tasa kubwa ya kuweka kwenye programu yake huanza kwa kuuliza ina tarakimu ngapi. Ni swali la haki, ila halimfikishi mbali. Namba tasa zote, yenye tarakimu tano na yenye tarakimu milioni arobaini, ziko sawa kwa lile jambo la msingi: hazigawiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kinachozitenganisha kazini ni jirani zao. Jirani wa chini, p − 1, ndiye anayeamua mengi. Jirani wa juu, p + 1, ana siku zake. Wa tatu ni kipeo cha 2 kilicho karibu, kwa sababu kompyuta inahesabu kwa mbili na humpenda sana jirani huyo.

Kwa nini p − 1? Kanuni ndogo ya Fermat inasema kwamba p ikiwa tasa, ukichukua namba yoyote a isiyogawika kwa p, ukaipandisha hadi kipeo cha p − 1 kisha ukagawa kwa p, salio ni 1. Jaribu na 7. Vipeo vya 3 vinaacha masalio 3, 2, 6, 4, 5, 1 halafu vinaanza upya: mzunguko wa hatua 6. Vipeo vya 2 vinaacha 2, 4, 1: mzunguko wa hatua 3. Mizunguko yote lazima iwe na urefu unaogawa 6, yaani p − 1. Hivyo ukijua vigawo vya p − 1, umeshajua mizunguko gani inawezekana ndani ya namba hiyo na ipi haitapatikana kamwe.

Hizi ndizo ninazozilinganisha, zikiwa zimepangwa kwa ukubwa:

| Namba tasa (p) | Biti | Vigawo vya p − 1 | Inafaa wapi |
|---|---|---|---|
| 998,244,353 | 30 | 2^23 × 7 × 17 | kuzidisha polinomio |
| 10^9 + 7 | 30 | 2 × 500,000,003 | hesabu za masalio kwa jumla |
| 2^61 − 1 | 61 | 2 × 3² × 5² × 7 × 11 × 13 × 31 × 41 × 61 × 151 × 331 × 1,321 | hashi |
| 2^64 − 2^32 + 1 | 64 | 2^32 × 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 | polinomio ndefu sana |
| 2^255 − 19 | 255 | si kigezo hapa | funguo za siri |

Bingwa, tumpishe kwanza

Kuna atakayeuliza mbona namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana haimo kwenye jedwali. Ni 2^136279841 − 1, iliyopatikana Oktoba 2024 na Luke Durant kupitia GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea wanaosaka namba tasa kwa kompyuta zao. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiiandika kwa mfumo wa mbili ni tarakimu 1 tupu, 136,279,841 mfululizo. Haifai kuwa namba ya siri, maana dunia nzima inaijua, na haifai kwa kasi, maana hata kuzidisha mara moja ndani yake ni kazi nzito. Ni ya kutazamwa.

Ila inafundisha jambo moja. Namba za aina yake, zinazoitwa namba za Mersenne, hushika rekodi mara kwa mara kwa sababu jirani yao wa juu ni kipeo kitupu cha 2, na ujirani huo unaruhusu kipimo chepesi cha Lucas na Lehmer. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa p ubaki na salio. Rudia mara n − 2. Salio la mwisho likiwa sifuri, 2^n − 1 ni tasa. Kwa 31, ambayo ni 2^5 − 1, unarudia mara tatu: 4 inazaa 14, 14 inazaa 194, ambayo inaacha 8, 8 inazaa 62, ambayo inaacha 0. Imethibitika. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha 2^127 − 1, yenye tarakimu 39, kwa mkono, na hakuna aliyepata kubwa zaidi yake hadi mwaka 1951.

10^9 + 7 dhidi ya 998,244,353

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo tofauti inapendeza zaidi, kwa kuwa kwa macho mbili hizi ni pacha. Zote zina biti 30. Zote zinakuruhusu kujumlisha masalio mawili ndani ya namba kamili ya biti 32 yenye alama, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647, bila kufurika. Zote zinakuruhusu kuzidisha masalio mawili ndani ya biti 64, na hata kulimbikiza mazao tisa kabla ya kulazimika kugawa. Kwa kuwa zote ni tasa, kila salio lisilo sifuri lina kinyume chake, yaani namba inayoacha 1 ikizidishwa nalo, na kinyume cha a unakipata kwa kupandisha a hadi kipeo cha p − 2. Kwa hiyo ukihesabu michaguo, njia, mpangilio wa vitu au chochote kinachotaka jibu kwa salio, nyingine haina nafuu juu ya mwenziwe.

Sasa geukia jirani wa chini. 10^9 + 6 ni 2 × 500,000,003, na hiyo 500,000,003 nayo ni tasa. Namba kama 10^9 + 7, ambayo p − 1 yake ni mara mbili ya namba tasa, huitwa tasa salama. Ndani yake karibu hakuna mizunguko mifupi: ukiacha 1 na −1, kila salio lisilo sifuri linazunguka hatua 500,000,003 au mara mbili ya hapo. Kwa upande wa 998,244,353, p − 1 ni 119 × 2^23. Mizunguko mifupi imejaa humo, na iliyo ya thamani zaidi ina urefu wa 2, 4, 8, 16 na kuendelea hadi 8,388,608.

Mizunguko hiyo ya vipeo vya 2 ndiyo inayodaiwa na mageuzo ya haraka ya Fourier. Kuzidisha polinomio mbili zenye vipengele 100,000 kila moja kwa njia ya kawaida ni mizidisho bilioni 10. Kwa mageuzo ya Fourier inashuka hadi mamilioni machache, lakini lazima uwe na namba inayorudi kwenye 1 baada ya hatua 2^18 kamili, wala si kabla. Ndani ya 998,244,353 unaipata kwa urahisi: chukua 3, ambayo ni kizalishi, yaani vipeo vyake vinapitia masalio yote yasiyo sifuri, kisha uipandishe hadi kipeo cha (p − 1) ÷ 2^18. Hesabu zote ni za namba kamili, hakuna desimali, hakuna kosa la kukadiria.

Ndani ya 10^9 + 7 namba hiyo haipo kabisa. p − 1 inagawika kwa 2 mara moja tu, basi mzunguko mrefu zaidi wa kipeo cha 2 ni hatua 2. Ukilazimishwa kuitumia, njia iliyozoeleka ni kufanya kazi mara tatu chini ya namba tasa tatu nyingine: 998,244,353, 167,772,161 (ambayo ni 5 × 2^25 + 1) na 469,762,049 (7 × 2^26 + 1). Zote tatu zinakubali 3 kama kizalishi. Kisha unaunganisha masalio matatu kwa kanuni ya Kichina ya masalio na mwishoni unagawa kwa 10^9 + 7. Inafanya kazi vizuri, ila umelipa mara tatu kwa jambo ambalo jirani mwema angekupa mara moja.

Ushauri wangu: kama uchaguzi ni wako, chukua 998,244,353 hata pale usipoona polinomio yoyote, kwa sababu zina tabia ya kujitokeza baadaye. 10^9 + 7 ibaki pale maelezo ya swali yanapoitaja, au pale unapotaka namba rahisi kukumbuka. Ndiyo namba tasa ya kwanza yenye tarakimu kumi, na hakuna anayeikosea kuiandika. Ile ya pili nimeona watu wakigeuza tarakimu zake, na programu haikulalamika hata kidogo; ilitoa tu majibu ya uongo.

Kuna faida nyingine ndogo. Utasa wa 998,244,353 unathibitishwa kwa hesabu moja. François Proth alionyesha mwaka 1878 kwamba kama p = k × 2^n + 1, k ikiwa witiri na ndogo kuliko 2^n, basi kupata namba moja tu inayotoa −1 ikipandishwa hadi (p − 1) ÷ 2 kunatosha kuthibitisha kwamba p ni tasa. Hapa 3 inatoa −1. Mjadala umekwisha.

Kwa hashi: 2^61 − 1

Ukitaka kugeuza maandishi marefu kuwa namba moja ili uyalinganishe haraka, ukubwa unaanza kuwa na maana, na 10^9 + 7 inaelemewa. Kwa masalio bilioni moja, maandishi takriban 37,000 tofauti yanatosha kufanya uwezekano wa mawili kugongana kuwa nusu kwa nusu. Kwa 2^61 − 1 unahitaji karibu bilioni 1.8.

Hesabu ya pili inaonyesha kwa nini utasa wenyewe unahitajika. Hashi ya kawaida huyachukua maandishi kama polinomio na kuikokotoa kwa msingi uliochaguliwa kwa bahati nasibu. Maandishi mawili tofauti yenye herufi n yakigongana, msingi huo ni jawabu (thamani inayotoa sifuri) la polinomio yenye digrii iliyo chini ya n, na ndani ya namba tasa polinomio ya namna hiyo haiwezi kuwa na majawabu n au zaidi. Kwa herufi milioni moja, hatari ya mgongano wa jozi moja ni kama 1 kwa 1,000 chini ya 10^9 + 7. Chini ya 2^61 − 1 ni chini ya 1 kwa trilioni.

Wapo wanaokwepa haya yote na kuacha namba ifurike yenyewe kwenye biti 64, yaani kugawa kwa 2^64 bila gharama. 2^64 si tasa, na dhamana ile ya majawabu inavunjika. Kwa msingi wowote wa witiri, mfuatano wa Thue na Morse (a, ab, abba: kila hatua unabandika ulichonacho kikiwa kimegeuzwa a kuwa b na b kuwa a) wenye herufi 2,048 na kinyume chake hugongana daima. Kwa msingi wa shufwa hali ni mbaya zaidi: herufi 64 za mwisho zinafuta athari ya zote zilizotangulia. Sioni sababu ya mtu kuendelea kuitumia njia hiyo pale ambapo anayeleta maandishi anaweza kuwa na nia mbaya.

Ivan Pervushin alithibitisha utasa wa 2^61 − 1 mwaka 1883. Uzuri wake kazini unatoka kwa jirani wa juu: kwa kuwa 2^61 inaacha salio 1, kugawa kunageuka kujumlisha. Zao la biti 122 linakatwa vipande viwili vya biti 61, unajumlisha vipande, na ikizidi p unaitoa p mara moja. Unachohitaji ni mahali pa kushikilia zao la biti 128 kwa muda. Lugha ya Python inaitumia namba hiihii kukokotoa hashi za namba zake kwenye mashine za biti 64.

Usishawishike kuihamishia kwenye kazi ya siri. Tazama tena jedwali: p − 1 yake imevunjika vipande vidogovidogo, kikubwa kikiwa 1,321. Mbinu iliyochapishwa na Pohlig na Hellman mwaka 1978 hulivunja tatizo la kutafuta kipeo kilichofichwa kuwa matatizo madogo, moja kwa kila kigawo tasa, na hapa ni kumi na mawili ambayo hata simu ingeyamaliza papo hapo. Na kwa polinomio haifai vilevile, kwani 2 imo mara moja tu.

2^64 − 2^32 + 1, kwa wenye kazi ndefu

Hii, inayoitwa Goldilocks, ni kama mtu aliyekaa akaiagiza. p − 1 ni 2^32 × (2^32 − 1), na mabano hayo yakivunjwa yanatoa 3, 5, 17, 257 na 65,537: namba tasa zote tano za Fermat zinazojulikana, kila moja mara moja. Mizunguko ya vipeo vya 2 inafika hatua 2^32, mara 512 ya ile ya 998,244,353. Kugawa nako ni kwepesi, maana 2^64 inaacha 2^32 − 1 na 2^96 inaacha −1, kwa hiyo zao la biti 128 linapunguzwa kwa kujumlisha, kutoa na kusogeza biti.

Gharama yake ni kwamba inajaza biti 64 hadi ukingoni. Kujumlisha masalio mawili kunaweza kufurika, na ni lazima uishughulikie biti inayobebwa. Inapendwa na mifumo ya kuthibitisha ukokotoaji bila kufichua siri, mfano Plonky2, ingawa kwa usalama biti 64 hazitoshi peke yake. Mifumo hiyo huchukua namba zake za bahati nasibu kutoka kwenye uga uliopanuliwa mara mbili, yaani ambamo kila namba ni jozi ya masalio. Kwa kazi ya kawaida ya polinomio ningebaki na 998,244,353 mpaka majibu yenyewe yazidi bilioni.

Panapohusika siri

Kwa ubadilishanaji wa ufunguo wa Diffie na Hellman wa asili, tasa salama ndiyo kipimo, ila kwa ukubwa wa biti 2,048 au zaidi. Usiitunge mwenyewe. Waraka wa viwango vya intaneti RFC 3526 wa mwaka 2003 una namba zilizokwisha tayarishwa: biti 64 za mwanzo na 64 za mwisho zote ni 1 ili kurahisisha kugawa, na katikati biti zimetolewa kwenye tarakimu za pi, ili asiwepo wa kudai kwamba mtungaji alificha mlango wa nyuma. Kuwa wengi kwenye namba moja hakuna tatizo ikiwa ni kubwa. Ikiwa ndogo ni balaa: mwaka 2015 watafiti walionyesha kupitia shambulio la Logjam kwamba kazi nzito ya maandalizi hufanywa mara moja tu kwa namba moja ya biti 512, kisha kila mawasiliano yanayoitumia yanavunjwa kwa dakika chache, na seva nyingi zilikuwa zinatumia ileile.

Kwa mikunjo eliptiki, ambako siri hujengwa kwa nukta za mkunjo badala ya masalio yenyewe, jirani anabadilika. Ndiyo maana kwenye jedwali sikuandika vigawo vya 2^255 − 19: usalama unategemea idadi ya nukta za mkunjo, ambayo huwa karibu na p + 1 bila kutofautiana nayo kwa zaidi ya mara mbili ya kipeuo cha pili cha p. Katika Curve25519, mkunjo unaotumia 2^255 − 19 na uliopendekezwa na Daniel J. Bernstein, idadi hiyo ni mara 8 ya namba tasa. Katika secp256k1, unaotumiwa na Bitcoin, idadi yenyewe ni tasa. Hakuna 8 ya kujihadhari nayo. Namba tasa ambayo secp256k1 umejengwa juu yake ni 2^256 − 2^32 − 977.

Kwa kasi, 2^255 − 19 inashinda kwa unadhifu: 2^255 inaacha 19, na biti 255 zinagawanyika vipande vitano vya biti 51 bila ziada, kila kipande kikiwa na nafasi ya kupumua ndani ya biti 64. Upande wa pili unashinda kwenye kipeuo cha pili. Namba ya secp256k1 ikigawanywa kwa 4 inaacha 3, basi kipeuo cha a hupatikana kwa kupandisha mara moja hadi (p + 1) ÷ 4. 2^255 − 19 inaacha 5 ikigawanywa kwa 8, na wakati mwingine lazima usahihishe jibu kwa kuzidisha na kipeuo cha −1. Kama unaanza mfumo mpya na hufungwi na Bitcoin, nenda na Curve25519.

RSA, mfumo wa siri ambao ufunguo wake wa umma hubeba zao la namba tasa mbili zilizofichwa, ni kinyume cha yote yaliyotangulia. Hapo namba yenye jina haitakiwi kabisa. Unahitaji mbili, za biti 1,024 kila moja kwa ufunguo wa biti 2,048, na ziwe za bahati nasibu ya kweli. Mwaka 2012 watafiti walikusanya funguo za umma kutoka kwenye intaneti na kukuta maelfu ya vifaa ambavyo ufunguo wake ulikuwa na namba tasa iliyomo pia kwenye ufunguo wa kifaa kingine, kwa sababu vilianza kuzizalisha kabla ya kuwa na bahati nasibu ya kutosha. Kukokotoa kigawo kikubwa cha shirika cha funguo mbili kama hizo ni kazi ya kufumba na kufumbua, na zote mbili zinavunjika.

Kuzipata si kugumu. Karibu na 2^1024, namba moja kati ya takriban 710 ni tasa, yaani moja kati ya 355 ukichagua witiri tu. Kila moja unaipima kwa Miller na Rabin, kipimo cha utasa kinachotumia bahati nasibu. Duru 40 zinaacha uwezekano wa kudanganyika usiozidi 1 kwa 4^40. Jirani mwenye vigawo vidogo vitupu, ambaye angemfungulia mlango John Pollard kwa mbinu yake ya mwaka 1974 ya kutafuta vigawo kupitia p − 1, ni nadra mno kwa ukubwa huu kiasi kwamba si lazima umtafute. Kinachobaki kukaguliwa ni kimoja: kipeo cha umma cha kawaida ni 65,537, na hakitakiwi kugawa p − 1, la sivyo ujumbe uliofungwa hautafunguka kwa njia moja tu. Kikigawa, tupa namba hiyo uvute nyingine.